Mwisho hadi Mwisho: Mwisho wa Nini?

Mama mdogo wangu huuza vitumbua asubuhi, na jioni ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake wa mtaani kwake. Siku moja alinisogezea simu, kidole kikiwa kimegota kwenye kile kimaandishi kinachotokea juu ya mazungumzo mapya. Kilisema kwamba jumbe zimefumbwa mwisho hadi mwisho.

"Mwisho wa nini, mwanangu? Wa mwezi? Maana bando langu linaisha kesho."

Nilicheka. Kisha nikatafuta jibu la sentensi moja, nikalikosa, na ndiyo sababu ya makala haya.

Jambo lenyewe ni hili. Unachukua ujumbe unaosomeka, unauvuruga kwa kanuni ya hisabati mpaka uwe takataka machoni pa kila mtu, isipokuwa yule mwenye ufunguo wa kuurudisha ulivyokuwa. Kiingereza hulitaja kwa neno encryption, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kilichofichwa. Kwa Kiswahili wafasiri wa programu wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaoandika kwamba ujumbe umefumbwa, na wako wanaoandika kwamba umesimbwa kwa njia fiche, nomino yake ikiwa usimbaji fiche.

Hili la pili lina sura ya maabara. Msimbo tunao tayari: msimbo wa programu, msimbo wa QR. Lakini msimbo si lazima uwe siri. Ule mraba wenye madoadoa uliobandikwa kwenye kaunta ya duka unasomwa na simu yoyote, na ndilo lengo lake. Kwa hiyo kusimba peke yake hakutoshi, ikabidi lipachikwe neno fiche nyuma yake kama trela. Kisomi ni sahihi. Ila mwambie muuza vitumbua kwamba ujumbe wake umesimbwa, atakuuliza simba ameingilia wapi.

Kufumba, kwa upande mwingine, kuko nyumbani. Tunafumba macho, tunafumba kiganja, washairi wanafumba maneno, na kanga nzima hufumbwa kwa jirani mmoja tu ambaye ndiye atakayejua imemlenga yeye. Zaidi ya hapo, sarufi yetu imetuandalia nusu ya pili ya kazi bila gharama. Kauli ya kutendua inampa mfasiri anachokihitaji: funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Kuurudisha ujumbe katika hali yake ni kuufumbua, na hakuna anayehitaji kuelezwa. (Simba nalo hutoa simbua, nakiri, lakini fumbua lilikuwa midomoni mwa watu kabla ya kompyuta.)

Hata hivyo fumbo lina kasoro moja, na kasoro hiyo imo ndani ya methali tunayoijua sote: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Siri ya fumbo inategemea akili ya msikilizaji. Hesabu hizi za kisasa zimetungwa ili werevu wa mtu usimsaidie kitu.

Tazama kinyume, yale mazungumzo ya siri ya pwani ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa. Kitabu kinakuwa bukita, nyumba inakuwa mbanyu, siri inakuwa risi. Mali inageuka lima, na mpita njia anadhani mnazungumzia shamba. Kuku, maskini, anabaki kuku. Ni mchezo mzuri, lakini ukishaijua mbinu umejua siri zote za wote wanaoutumia. Hakuna ufunguo, kuna mbinu tu.

Hata mbinu ya kubadilisha herufi moja kwa nyingine haiendi mbali. Huko Baghdad, katika karne ya 9, al-Kindi aliandika risala akieleza jinsi ya kuivunja: hesabu ni alama ipi inajirudia zaidi, kisha ilinganishe na herufi inayojirudia zaidi katika lugha yenyewe. Kiswahili kingempa kazi nyepesi. Chukua sentensi kama "anasema mama yake alikataa kabisa": ina herufi 29, na 12 kati yake ni a. Alama yoyote utakayoiweka mahali pa a itajitangaza yenyewe. Na kwa kuwa tumemgusa Mwarabu: neno la Kiingereza la maandishi ya siri, cipher, linatokana na sifr ya Kiarabu, ile ile iliyotupa sisi sifuri. Waingereza wakaifanya siri, sisi tukaiacha kwenye madaftari ya hesabu.

Aliyeweka mstari kati ya mbinu na ufunguo alikuwa Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha Ufaransa. Mwaka 1883 aliandika kwamba mtambo wa siri wa jeshi unapaswa kuwa salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujulikani. Leo mbinu ya AES, iliyopitishwa Marekani kuwa kiwango rasmi mwaka 2001, imechapishwa wazi na mwanafunzi yeyote anaweza kuisoma. Ufunguo wake wa biti 256 ni mmoja kati ya funguo ambazo idadi yake ni namba yenye tarakimu 78. Hapo mwerevu na mjinga wako sawa.

Lakini ufunguo utamfikiaje mwenzako aliye Bukoba nawe uko Lamu, bila mtu kuudaka njiani? Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha jibu mwaka 1976. Moja ya njia zilizozaliwa na wazo lao ni rahisi kuieleza kwa kufuli. Mama mdogo ananunua kufuli nyingi za aina moja, anazigawa zikiwa wazi kwa wanachama wote, ufunguo anabaki nao kifuani. Yeyote anaweza kubana kufuli kwenye sanduku. Kulifungua anaweza yeye tu, hata aliyelibana hawezi.

Kwa sababu hiyo mimi nimeridhika na fumba, ilimradi neno ufunguo lisiachwe nyuma. Ugomvi wangu uko kwenye mwisho hadi mwisho.

Kamba ya Kiingereza ina miisho miwili, yetu ina ncha mbili. Mwisho tunao wa mahali, ndiyo. Kigoma ni mwisho wa reli na kila mtu anajua. Lakini hakuna abiria anayesema amesafiri mwisho hadi mwisho kutoka Dar es Salaam. Anasema mwanzo hadi mwisho, nalo likiandikwa kwenye simu linasikika kama kitabu kilichosomwa chote. Ningependa waandike kwamba ujumbe umefumbwa kifaa hadi kifaa, au simu kwa simu kama tunavyosema barazani.

Si ubishi wa maneno matupu. Barua pepe ya kawaida hufumbwa kutoka simu yako hadi kwenye mitambo ya kampuni, ikafumbuliwa pale, ikafumbwa tena kuelekea kwa mwenzako. Ni kama mzigo wa basi ambao wakala wa stendi ana ufunguo wake. WhatsApp ilipokamilisha ufumbaji wa simu kwa simu kwa watumiaji wote mwezi Aprili 2016, ilijinyang'anya ufunguo huo kwa upande wa maneno yanayoandikwa. Serikali hazikupendezwa. Februari 2025 Apple iliondoa nchini Uingereza ulinzi wake wa juu kabisa wa data za iCloud, baada ya kufichuka kwamba serikali ya huko ilidai njia ya kuzifikia. Njia ya namna hiyo huitwa mlango wa nyuma, na tafsiri imebahatika: kwetu aliyepata kitu kwa mlango wa nyuma hasifiwi.

Nilimweleza mama mdogo yote haya, nikiruka Wagiriki. Alisikiliza mpaka kwenye kufuli, kisha akakumbuka jambo. Miezi michache nyuma orodha ya wanaodaiwa na kikoba ilizagaa mtaani, na wanachama wakalaumu mitambo. Baadaye ikajulikana kwamba mwenzao mmoja alikuwa amemwachia mumewe simu atazame mpira.

Nikamwambia kwamba hapo hakuna kilichovunjwa. Ujumbe ulifika umefumbwa, ukafumbuliwa mahali ulipotakiwa kufumbuliwa.

"Basi huo mwisho wenu," akasema, akigeuza kitumbua, "uko sebuleni kwa yule bwana."