Hesabu ya Bahari na Mvua ya Kambove

Mzaliwa wa Kambove, ndani kabisa ya bara la Katanga nchini Kongo, aweza kumaliza umri wake asiione bahari, ilhali mvua imnyeshayo tangu Novemba hadi Aprili huletwa na pepo za bahari mbili, Atlantiki na Hindi. Kwa hiyo tarehe ya vipimo vya mvua nchini kwake haitengani na tarehe ya vipimo vya bahari.

Asili ya mambo hayo ni mkutano wa Brussels wa mwaka 1853, ambapo Luteni Matthew Maury wa jeshi la bahari la Marekani aliwashawishi wajumbe wa dola 10, chini ya uenyekiti wa mwanafalaki Adolphe Quetelet, waafikiane juu ya daftari la namna moja la kuandikia upepo, mikondo na joto la maji. Baharia akishusha ndoo, akiipandisha, akitumbukiza kipimajoto na kuandika alichokisoma, alifanya kazi hafifu. Lakini taarifa za maelfu ya merikebu, zikikusanywa na serikali, ziligeuka ilimu.

Reli ilipofika Kambove mwaka 1913, kilichotakiwa kilikuwa shaba. Ila mitambo ya Mwadingusha ilipoanza kuvuna umeme wa mto Lufira mwaka 1930, mvua nayo ikaingia katika hesabu za migodi. Serikali ya Kibelgiji ikaeneza vituo vya hali ya hewa, kama Waingereza walivyoanzisha idara yao mjini Nairobi mwaka 1929. Kila asubuhi mwangalizi humimina maji ya mvua katika bilauri yenye mistari, asome milimita, ambayo kila moja ni lita kwa mita ya mraba. Na siku kavu huandika sifuri, kwani sifuri nayo ni habari.

Baada ya uhuru wa 1960, katika fitina na vita, vituo vingi vya Kongo vilinyamaza. Na mwaka 1961 zikaja mvua kubwa za Afrika Mashariki, zilizolipandisha Ziwa Viktoria zaidi ya mita 2. Mwaka 1999 ndipo wataalamu walipoeleza kinaganaga jinsi joto la Bahari ya Hindi, likiegemea magharibi, linavyoleta mvua za namna ile, na ushahidi wao waliutoa katika kumbukumbu za miaka iliyopita.

Leo maboya ya Argo ya kupimia bahari, yagharimiwayo na serikali nyingi, huzama mita 2,000 na kuibuka kila siku 10. Kampuni hupima maadamu faida ipo. Mfululizo wa miaka hubebwa na hazina ya dola, kwa kuwa mashine hununuliwa wakati wowote, bali mvua ya 1961 hainyeshi tena ili ipimwe.