Ukifika Mysore, Usiishie Jumbani

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu akikujaalia kufika Mysore, kusini ya India, watakupeleka kwanza kwenye jumba la kifalme linalowashwa usiku kwa taa zikaribiazo 100,000. Litazame, ni zuri. Lakini jua kuwa lilikamilika mwaka 1912 kwa ramani ya Mwingereza, na ukoo uliokaa humo ulirejeshewa enzi na Waingereza mwaka 1799. Je, kabla ya hapo enzi ilikuwa mikononi mwa nani?

Basi panda gari kiasi cha kilomita 15 mpaka Srirangapatna, kisiwa cha mto Kaveri. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Sultani Tipu, ambaye biashara yake ilifika hata Maskati. Mwaka 1792 Waingereza na wenzao walimshinda, wakachukua nusu ya nchi yake na wanawe wawili rehani. Mwaka 1799 wakaizunguka ngome, wakamtaka atoe nusu ya iliyosalia na wana wanne. Hakukubali. Tarehe 4 Mei wakaingia mchana, na usiku wakamkuta karibu na lango, chini ya maiti za askari wake.

Jumba lake halipo tena. Vitabu vyake vipatavyo 2,000 vilichukuliwa, vingine Calcutta, vingine Uingereza. Na hilo, kwa sisi walimu, linauma kuliko dhahabu iliyoporwa. Msikiti wake wa minara miwili umesimama, na kuba aliyomjengea baba yake, Haidar Ali. Humo amelala yeye, na baba, na mama. Vua viatu, msomee Fatiha.