Kutoka Uanagenzi hadi Shahada ya Ujenzi

Kabla ya ujenzi kufundishwa vyuoni, waashi wa pwani ya Waswahili waliupata ujuzi wao kwa uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kumtumikia fundi, ambapo kijana alichoma matumbawe kupata chokaa, akaichanganya na mchanga, akashika timazi, uzi wenye kizito unaoonyesha wima wa ukuta, na kutambua kwamba urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba. Kisha taaluma za ujenzi zikaingia vyuoni: shule ya upimaji ardhi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1956 baadaye iliingiza pia ukadiriaji majenzi, taaluma ya kukokotoa vifaa na gharama, na mwaka 2007 ikafikia hadhi ya Chuo Kikuu Ardhi. Hata hivyo, mafunzo kwa vitendo, yanayomrudisha mwanafunzi kwa mafundi, yanastahili uzito uleule wa mtihani.