Ufundi wa Motokaa Kuukuu katika Njia za Kilosa na Mikumi

Zamani mwenye motokaa katika nchi ya Kilosa alikuwa na njia mbili tu: ama ajifunze kuitengeneza mwenyewe, ama aiache ile kutu chini ya mwembe. Si kwamba watu wa huko walikuwa wageni wa mitambo. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikaishia Kigoma mwaka 1914. Hivyo mji ule ulizoea mlio wa gari moshi kabla ya kunusa harufu ya petroli. Lakini gari moshi lilikuwa na karakana zake na mafundi wake wa mshahara. Motokaa ilikuwa mali ya mtu mmoja, na ilipokufa njiani, msiba ulikuwa wake peke yake.

Nchi yenyewe ilikuwa mwalimu mkali. Kati ya Kilosa na Mikumi limetanda bonde la Mkata, ambalo udongo wake mweusi hugeuka ulimbo wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Vumbi huziba kichujio cha hewa, injini ikakosa pumzi na kunywa petroli kupita kiasi. Mitikisiko hulegeza nati, hukata springi, na hutoboa rejeta. Katika njia hiyo kiko kijiji kiitwacho Ulaya. Walakini vipuri vilitoka Ulaya ile ya ng'ambo, kwa meli, na kuvingojea kulihitaji subira ya miezi.

Ndipo likazaliwa tabaka la watu ambao vitabu vya historia havikuwatilia maanani, nao ni matanboi wa malori. Kazi yao kwa jina ilikuwa kupakia mizigo na kuweka gogo chini ya gurudumu mlimani; kwa kweli walikuwa wanafunzi wa chuo kisicho na kuta. Walijifunza kusafisha platini na kupima nafasi yake kwa jicho, kusikiliza valvu iliyolegea, na kuitambua plagi mbovu kwa kuichomoa waya injini ikinguruma: mlio usipobadilika, hiyo ndiyo yenye ugonjwa. Tangi la petroli lililovuja lilizibwa kwa sabuni ya kufulia, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni upesi. Springi iliyokatika ilifungwa gango kwa mti na vipande vya mpira wa tyubu. Tairi lililokosa tyubu lilishindiliwa nyasi mpaka likabeba mzigo.

Hata hivyo fundi mwenye akili alitofautisha kufika na kupona. Gango la mti lilikuwa la kufikisha gari mjini tu. Aliyelisahau na kushuka nalo mlima wa Kitonga, upande wa Iringa, alicheza na roho za abiria wake. Ujuzi huo haukuwa werevu wa kuunga-unga peke yake, bali ulikuwa pia elimu ya kujua mpaka wa kuunga.

Elimu hiyo ilipata heshima ya hadharani kwa njia ya michezo. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya motokaa ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana ulimwenguni kwa jina la Safari. Mwaka huo wa kwanza baadhi ya motokaa zilianzia Morogoro. Tope na mawe havikujali fahari ya kiwanda: mwaka 1963 zilianza motokaa 84, zikamaliza 7 tu.

Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akisaidiwa na nduguye Jaswant. Gari lake lilikuwa Volvo PV544, aina ya zamani ambayo kiwanda kiliacha kuiunda mwaka huo huo, nalo lilikuwa limekwisha tumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, akalitayarisha kwa mikono yake. Ushindi wake ulithibitisha jambo ambalo kila tanboi alilijua: umri wa motokaa haupimwi kwa miaka, bali kwa ujuzi wa anayeitunza.

Mwezi Novemba wa mwaka ule ule, Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru wa walowezi wachache, na Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Mikumi, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Safari ile haikuwa na kombe wala wapiga picha, na wengi waliotengeneza magari yale ubavuni mwa njia, usiku, kwa mwanga wa tochi, hawakuandikwa jina popote. Baadaye, fedha za kigeni zilipoadimika katika miaka ya 1970 na 1980, mikono ya namna hiyo ndiyo iliyoziendesha Peugeot na Land Rover za nchi nzima.

Leo barabara kuu ya Mikumi ina lami, na motokaa nyingi huongozwa na kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani ya kasha, ambayo haifunguliwi kwa spana wala kusikilizwa kwa sikio. Faida yake ni kubwa na haikataliwi. Lakini wazee walioifahamu motokaa kwa mlio wake wanapungua, na elimu yao ilikaa vidoleni, si katika karatasi. Historia ya usafiri imekwisha waandika wajenzi wa reli na washindi wa vikombe. Wasipoandikwa na matanboi wa Kilosa wangali hai, historia hiyo itasimulia magari yaliyofika, bila kueleza yalifikaje.