"Muwapige Tu": Kauli ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda ya Juni 2013 na Mipaka ya Uwajibikaji wa Kisiasa Tanzania

1.0 Utangulizi

Alhamisi ya tarehe 20 Juni 2013, katika kipindi cha maswali ya papo kwa papo bungeni Dodoma, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliulizwa na Murtaza Mangungu, mbunge wa Kilwa Kaskazini kwa tiketi ya Chama Cha Mapinduzi (CCM), kuhusu malalamiko kwamba vyombo vya dola vinawapiga raia. Katika jibu lake Waziri Mkuu alieleza kwamba mtu aliyekatazwa jambo akaamua kukaidi "utapigwa tu"; kisha akaongeza "muwapige tu", na sababu aliyoitoa ni kwamba "tumechoka". Zilikuwa zimebaki wiki zisizozidi nne kabla ya wapiga kura wa kata nne za Jiji la Arusha kwenda vituoni katika uchaguzi mdogo wa madiwani.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo inachukulia kwamba anayejikwaa ulimi ndiye anayeumia. Makala haya yanaijaribu dhana hiyo kwa kuichunguza kauli ya Juni 2013 na yale yaliyoifuata. Hoja inayojengwa ni kwamba madhara ya ulimi ulioteleza hayalingani na uzito wa maneno yaliyotamkwa, bali hutegemea kama aliyeguswa na maneno hayo anao mlango wa kumfikia msemaji. Pale ambapo aliyeguswa ni raia wa kawaida, milango mitatu iliyotarajiwa, yaani Bunge, Mahakama na kura, ilifungwa mmoja baada ya mwingine.

Mahali pa kuitazamia hoja hii ni Kawajense, kata iliyopo mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na ndiko nyumbani kwa Pinda, aliyependa kujitambulisha kuwa mtoto wa mkulima. Hata hivyo, mwaka 2013 Kawajense haikuwa katika jimbo lake. Pinda aliwakilisha Jimbo la Katavi. Wakazi wa Mpanda mjini walikuwa na mbunge mwingine, Said Arfi wa Chama cha Demokrasia na Maendeleo (CHADEMA). Kwa hiyo, kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni na mbunge wa upinzani walitoka katika eneo moja na walikuwa wabunge wa Bunge moja wakati neno hilo liliposemwa.

2.0 Muktadha: Nchi Iliyochoka Pande Zote

Kauli ya Pinda haieleweki ikitengwa na miezi sita iliyoitangulia. Januari 2013 wananchi wa Mtwara walipinga mpango wa kujenga bomba la kusafirisha gesi asilia kwenda Dar es Salaam, na upinzani huo ukageuka vurugu. Pinda mwenyewe alisafiri hadi Mtwara mwishoni mwa mwezi huo, akakutana na makundi mbalimbali na kuwasikiliza. Mwezi Mei, baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kuthibitisha kwamba bomba lingejengwa, vurugu zilizuka upya na wanajeshi wakapelekwa mjini humo.

Arusha nako hakukuwa na utulivu. Tarehe 15 Juni 2013, bomu lilirushwa katika mkutano wa CHADEMA wa kufunga kampeni katika uwanja wa Soweto, likaua na kujeruhi watu. Upigaji kura uliotarajiwa kufanyika siku iliyofuata katika kata za Kaloleni, Elerai, Themi na Kimandolu uliahirishwa. Chama hicho kiliwatuhumu polisi, Serikali ilikanusha. Swali la Mangungu lilikuja siku tano tu baada ya mlipuko huo, wakati majeruhi wakiwa bado hospitalini.

Mambo mawili yanajitokeza katika muktadha huu. Kwanza, neno "tumechoka" lilikuwa na msingi katika matukio: Serikali ilikuwa imekabiliwa na ghasia katika pembe mbili za nchi kwa wakati mmoja. Pili, raia nao walikuwa na uchovu wao. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Septemba 2012 kijijini Nyololo, mkoani Iringa, akiwa mikononi mwa polisi waliokuwa wakizuia shughuli ya CHADEMA. Swali kuhusu kipigo, kwa hiyo, lilihusu vifo vilivyokwisha kutokea, na mwulizaji alikuwa mbunge wa chama tawala. Hoja kwamba lilikuwa hila ya wapinzani haina pa kusimama.

3.0 Kauli Yenyewe na Safari Yake Mitaani

Utaratibu wa maswali ya papo kwa papo una nafasi yake katika tukio hili. Katika maswali ya kawaida, waziri husoma jibu lililoandaliwa na wataalamu na kupitiwa mapema. Siku ya Alhamisi, Waziri Mkuu husimama bila karatasi ya namna hiyo. Mwaka 2013 kipindi hicho kilirushwa moja kwa moja na Televisheni ya Taifa (TBC), hivyo neno lilifika sebuleni kabla mtu yeyote hajapata fursa ya kulirekebisha.

Vipande vitatu vya jibu lile havina uzito sawa kisarufi. "Utapigwa tu" ni kauli ya kutendwa katika wakati ujao: mtenda hatajwi, na msemaji anaweza kudai kuwa alikuwa akitoa tahadhari. "Muwapige tu" ni jambo jingine. Hapa kuna nafsi ya pili wingi inayoelekezwa kutenda, na aliyeelekeza ni msimamizi wa shughuli za Serikali. "Tumechoka" inamwingiza msemaji pamoja na hao anaowaelekeza katika kundi moja, na kumwacha raia upande wa pili. Kutoka onyo hadi maagizo, na kutoka maagizo hadi kisingizio, ilikuwa safari ya pumzi moja.

Mitaani na katika vichwa vya habari, kauli hiyo ilifupishwa na kuwa "wapigwe tu". Ufupisho huo ulikusudiwa kumsuta Pinda, na kwa miaka mingi ndio uliodumu katika kumbukumbu. Hata hivyo, kisarufi ulimpunguzia mzigo. Katika "wapigwe" hakuna anayeambiwa apige, mtenda ametoweka. Hivyo kumbukumbu ya umma ilihifadhi ukali wa neno na kupoteza kile kilicholifanya kuwa suala la kikatiba, yaani kwamba lilikuwa na mpokeaji, na mpokeaji huyo alibeba silaha.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Pinda kuteleza kwa namna hiyo. Januari 2009, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yakitisha mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, alitamka kwamba wanaokamatwa wakiua nao wauawe. Alipobanwa bungeni alijieleza huku akitokwa na machozi. Machozi yale yalipokewa na wengi kama ushahidi wa uchungu wa kweli, na mjadala ukatulia. Kauli zote mbili zina muundo mmoja: tatizo halisi, uchungu halisi, kisha sheria inarukwa kwa sababu inaonekana kuchelewa.

4.0 Milango Mitatu

4.1 Bunge

Ibara ya 100 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa majadiliano bungeni na kumkinga mbunge dhidi ya mashtaka kwa yale anayoyasema humo. Kinga hiyo ilikusudiwa kumlinda mwakilishi dhidi ya dola. Katika tukio hili ilimlinda kiongozi wa Serikali dhidi ya mwananchi. Wabunge wa upinzani walilalamika, lakini chama tawala kilikuwa na wingi wa viti, na Waziri Mkuu aliendelea na kazi.

4.2 Mahakama

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kwa kushirikiana na Chama cha Wanasheria Tanganyika (TLS) walifungua shauri Mahakama Kuu mwaka huohuo. Walidai kwamba kauli ile ilikiuka Ibara ya 13, inayotamka usawa mbele ya sheria, inayomchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitike vinginevyo, na inayokataza mateso na adhabu za kutweza. Shauri hilo lilikuwa na umuhimu wa pekee kwa kuwa Ibara ya 100 yenyewe inasema kinga inatolewa bila ya kuiathiri Katiba. Juni 2014 shauri liliondolewa katika hatua ya mapingamizi ya awali. Swali la msingi, yaani kama kiongozi anaweza kuhimiza kipigo kisicho na hukumu akiwa chini ya mwavuli wa Bunge, halikusikilizwa kwa ushahidi.

4.3 Kura

Tarehe 14 Julai 2013 CHADEMA ilishinda kata zote nne za Arusha. Ni rahisi kuyasoma matokeo hayo kuwa adhabu ya wapiga kura kwa kauli ya Pinda, lakini ushahidi haukubali usomaji huo kirahisi. Kata hizo zilikuwa za CHADEMA tangu uchaguzi wa 2010. Ziliachwa wazi baada ya chama hicho kuwavua uanachama madiwani wake mwaka 2011 kufuatia mgogoro wa umeya. Chama kilitetea kilichokuwa chake. Isitoshe, bomu la Soweto lilitosha kuwa sababu ya hasira hata bila neno lolote kutoka Dodoma.

Kwa mpiga kura wa Kawajense mambo yalikuwa magumu zaidi. Alikuwa amemchagua mbunge wa upinzani, hivyo angeweza kujiona miongoni mwa wale ambao Serikali ilisema imewachoka. Lakini karatasi yake ya kura haikuwa na jina la Pinda, kwa kuwa jina hilo lilikuwa jimbo la jirani. Mwaka 2015 Pinda hakutetea ubunge; alichukua fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais, na hakuwamo katika majina matano yaliyopitishwa na Kamati Kuu mwezi Julai. Hakuna msingi wa kudai kwamba kauli ya 2013 ndiyo iliyomwangusha katika kundi la waombaji zaidi ya thelathini. Mwaka huohuo Jimbo la Mpanda Mjini lilirudi CCM kupitia Sebastian Kapufi. Kama kauli ile iliacha kovu Mpanda, halionekani katika matokeo ya kura.

5.0 Ulinganisho: Nape Nnauye, 2015 na 2024

Kauli za Nape Nnauye zinasaidia kuipima hoja hii, kwa kuwa mtu mmoja aliteleza mara mbili katika jambo lilelile na matokeo yakatofautiana. Kabla ya Uchaguzi Mkuu wa 2015, akiwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, alisema chama chake kitashinda hata kwa "goli la mkono". Wapinzani waliitumia kauli hiyo kama ushahidi wa nia ya kuiba kura. Baada ya uchaguzi Nape aliteuliwa kuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Wasanii na Michezo. Akiwa katika wadhifa huo, Januari 2016 ndiye aliyetangaza kwamba TBC itasitisha kurusha Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama. Dirisha ambalo nchi nzima ililitumia kumsikia Pinda likafungwa.

Julai 2024, akiwa Bukoba, Nape alizungumza tena kuhusu ushindi, akieleza kwamba matokeo hayategemei tu kura zilizomo kwenye sanduku bali pia anayehesabu na kutangaza. Safari hii hapakuhitajika televisheni. Simu ya mkononi ilitosha. Aliomba radhi na kusema ulikuwa utani. Tarehe 21 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alitengua uteuzi wake. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umebakiza miezi minne, na mapema mwaka huo Bunge lilikuwa limetunga sheria mpya za uchaguzi, ikiwamo ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Tofauti kati ya 2015 na 2024 haiwezi kutafutwa katika maneno, kwa kuwa maana ilikuwa ileile. Mwaka 2015 neno liliwagusa wapinzani. Mwaka 2024 liligusa ahadi ya mamlaka ya uteuzi yenyewe kwamba uchaguzi ungekuwa huru. Kauli ya Pinda iliangukia upande wa kwanza: waliotishiwa walikuwa raia, na mwenye uwezo wa kumwondoa hakuwa ameguswa. Pinda alibaki Waziri Mkuu hadi Novemba 2015.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba ni makosa kuyapima madhara ya kauli tata kwa kuangalia kura pekee. Arusha ilipiga kura kwa sababu zilizotangulia kauli. Mpanda Mjini ilibadili chama bila kauli kuonekana kuwa sababu. Na msemaji hakuwamo katika karatasi yoyote kati ya hizo. Madhara makubwa yalikuwa katika taasisi: Bunge halikumwajibisha msemaji, Mahakama haikulifikia swali, na umma ukabaki na kaulimbiu ya kejeli iliyomwondoa mtenda katika sentensi.

Methali ya wahenga, kwa hiyo, inahitaji kusomwa upya katika muktadha wa dola. Mnyonge akijikwaa ulimi huumia mwenyewe. Mwenye mamlaka akijikwaa ulimi, maumivu yanaweza kumfikia aliyeko mbali, ambaye hakuwamo ukumbini na hana mahali pa kuyapeleka. Mkazi wa Kawajense aliyelisikia jibu lile redioni mwaka 2013 alisikia sauti ya mtu wa kwao, akielekeza watu wenye silaha namna ya kumtendea mkaidi. Nani angeamua ukaidi ni nini, jibu lile halikusema, na hakuna taasisi iliyomlazimisha aliyelitoa kulijibu swali hilo.