Mgeni Njoo, Menyu Ipone

Kutoka Dabani, upande wa Uganda, hadi mpakani Busia ni mwendo mfupi wa boda boda, na jina lenyewe lilizaliwa huku huku, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Abiria hakuhitaji baiskeli yake. Alikalia keria ya mwenzake, akalipa, akashuka. Simu nazo zina keria: programu kubwa inayobeba programu ndogo za watu wengine ndani yake.

Wengi hudhani wazo hili tumelipokea kutoka China. Nusu yake tu.

M-Pesa ilipoanza Kenya, Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya kadi ya simu. Nafasi kwenye kadi ilikuwa finyu, na kuongeza mstari mmoja kulitaka menyu isasishwe laini kwa laini. Hata hivyo wageni walibisha hodi. Benki ya Equity ilitangulia mwaka 2010 na M-Kesho, ambayo haikushika. Novemba 2012 ikaja M-Shwari ya Commercial Bank of Africa, na hapo mtu asiyewahi kukanyaga benki akaweka akiba na kukopa kwenye menyu ileile aliyozoea kumtumia mama yake pesa. KCB ikafuata mwaka 2015. Benki zikapata wateja, mwenyeji naye akapona.

Upande wa Uganda, MTN ilianza kutuma pesa kwa simu mwaka 2009, na watu wakazoea kubonyeza *165#. Menyu ya namna hii haikai kwenye simu. Iko kwenye kompyuta za kampuni, na ujumbe mmoja haupiti herufi 182. Kumkaribisha mgeni ni rahisi, ila mgeni hana sura. Bili ya maji, ada ya shule, king'amuzi: vyote ni namba kwenye orodha, na ukichelewa kujibu inakatika, unaanza upya. (Nani hajawahi kukatikiwa akiwa amefika kwenye namba ya siri?)

China ilileta hiyo sura. Januari 2017 WeChat, programu kubwa ya huko, ilianza kupokea programu ndogo, kila moja mwanzoni isizidi megabaiti 1. M-Pesa ikafungua mlango wa aina hiyo katika programu yake mpya ya Juni 2021, tiketi za basi zikakatwa humo humo. Kwa ndani, aghalabu ni dirisha la kivinjari lisilo na mahali pa kuandika anwani. Mgeni huandikwa kwa lugha za tovuti, wala haruhusiwi kuzurura chumbani. Akitaka malipo humwomba mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemwuliza mteja namba ya siri. Mgeni huambiwa tu: imelipwa, au haijalipwa.

Lakini mwenyeji huyu ana uraia. Humtambua mtu kwa laini yake, na laini ni ya nchi. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kilikusudiwa mfanyabiashara asimame mara moja tu kukaguliwa. Simuni bado anavuka kwa njia ya zamani: laini mbili katika simu moja, shilingi ya Kenya huku, ya Uganda kule, na tiketi iliyo upande huu haiwezi kuliona salio la upande ule.