Waya Usiofungamana na Upande Wowote

Kijitabu cha mafunzo ya umeme kilichonifikia juzi kinauita waya ambao kila fundi anauita nyutro "waya usiofungamana na upande wowote". Nilidhani nimefungua hotuba ya mambo ya nje. Kamati iliyouzaa msamiati huo, naapa, haijawahi kupanda juu ya stuli. Afadhali hata hivyo kuliko "waya baridi" wa mwenzetu mmoja, ambaye shahada zake zimezidi balbu alizowahi kufunga. Taa ikiwaka, waya huo hupitisha mkondo uleule uliopita kwenye laini; ubaridi wake uko wapi?

Istilahi yangu, niliyoiwasilisha kwa maandishi na isiyojibiwa mpaka leo, ni marudi. Kurudi tulikuchukua kwa Waarabu, radda, kisha tukakulea wenyewe. Kwetu msafiri hurudi nyumbani, kanga hurudi ikifuliwa ikawa fupi, na mzazi humrudi mtoto mtundu. Marudi basi ni safari ya kurejea na ni adabu, vyote kwa pamoja. Umeme huja kwa laini, ukafanya kazi kwenye taa, ukaondoka kwa marudi. Na mzembe atakayeufungua waya huo swichi ikiwa imewashwa, akaishika ncha inayotoka kwenye taa, atarudiwa sawasawa kwa volti 230. Silabi tatu, na onyo limo ndani. Kamati inataka nini zaidi?

Kuhusu matumizi: zima mein swichi, pima kila waya, taa ya chuma isifungwe bila erthi, na rangi usiziamini.

Rangi nazitaja kwa sababu ya nyumba ya shangazi yangu, Tanga, iliyofungwa waya kwa desturi ya Kiingereza ya zamani: laini mwekundu, nyutro mweusi, ambazo siku hizi ni kahawia na bluu. Tulipofungua silingi rozi ili tubadili taa, zilishuka jozi tatu za nyaya, nyekundu na nyeusi, erthi hakuna. Nyekundu zote tatu zimekazwa pamoja, nyeusi mbili pamoja, na mweusi mmoja umekaa peke yake. Fundi, kijana mwenye heshima zake, alirudisha umeme, akawasha swichi ya ukutani, akaugusa mweusi ule wa peke yake kwa testa. Kitaa cha testa kikawaka.

"Huu unatoka kwenye swichi, Mzee. Umeme unashuka kwa mwekundu, unarudi juu kwa huu mweusi." Akanitazama. "Sasa na huu nao ni marudi?"

Nilimweleza kwamba huo haurudi, ndiyo kwanza unaelekea kwenye taa, na kwamba istilahi haiwezi kubebeshwa dhambi za waliochagua rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuzima mein swichi, akapanda tena, akauzungushia ule mweusi tepu nyekundu.

"Sisi tunauita laini ya swichi," akasema, akaomba bisibisi.